Mbwa Aliyepotea Amerudi na Kidonda: Maswali Kuhusu Wanyama Wanaozurura na Kichaa cha Mbwa

Maswali haya ndiyo ninayoulizwa mara nyingi kwenye foleni za chanjo ya mifugo na kwenye mikutano ya mtaa. Nimeyajibu kama ninavyomjibu jirani aliyesimama mbele yangu.

Mbwa wetu alipotea siku nne. Jana amerudi mwenyewe, amekonda, ana kidonda shingoni. Watoto wanataka kumkumbatia. Nifanyeje?

Poleni, na hongereni kwa kumpata. Lakini watoto wakae mbali kwanza. Mbwa aliyelala nje siku nne akarudi na kidonda shingoni au masikioni, mara nyingi ameng'atwa na mbwa mwenzake, na huyo mwenzake hatujui alikuwa na nini mateni.

Mfungie bandani peke yake. Mpe maji na chakula bila kumgusa mdomo wala kidonda, na kama ni lazima umshike, vaa glavu. Kisha mwite afisa mifugo wa kata, uwe na kadi yake ya chanjo mkononi. Mbwa aliyekwisha kuchanjwa huongezewa chanjo haraka na kuwekwa chini ya uangalizi kwa wiki kadhaa. Ambaye hajawahi kuchanjwa ni hatari kubwa zaidi, na uamuzi juu yake mwachie daktari wa mifugo.

Hapa watu wengi hukosea hesabu. Wamesikia kuhusu "siku kumi", basi wanamfungia mbwa siku kumi, wakiona anakula vizuri wanamfungulia. Siku kumi ni za kumwangalia mbwa aliyemng'ata mtu, ili ijulikane kama alikuwa na virusi vya kichaa cha mbwa mateni siku ile alipong'ata. Mbwa aliyeng'atwa ni habari nyingine, kwa sababu virusi vinaweza kukaa mwilini mwake miezi kabla hajaonyesha dalili yoyote.

Na kabla hajarudi, nimtafute wapi?

Anza karibu na nyumbani, alfajiri na jioni, mtaa unapotulia. Waulize walinzi wa usiku, vijana wa bodaboda na wenye bucha, maana hao huona kila mbwa anayepita. Pita na dampo. Mpe taarifa mjumbe, na utume picha kwenye kundi la simu la mtaa.

Paka mtafute karibu zaidi: darini, stoo, chini ya magari, ndani ya mtaro. Akiogopa hujibanza mahali na kunyamaza hata ukimwita, kwa hiyo toka usiku na tochi utafute macho yanayong'aa.

Mwanangu amekwaruzwa na mbwa wa mtaani. Damu haikutoka nyingi. Si kitu, au?

Ni kitu. Tafadhali usisome zaidi kabla hujafungua bomba.

Osha jeraha kwa maji yanayotiririka na sabuni kwa dakika 15. Dakika 15 ni nyingi kuliko unavyodhani. Nimewahi kukaa na mama mmoja nyuma ya nyumba yake, yeye ameshika mguu wa mtoto, mimi namimina maji kwa jagi, sabuni ni kipande cha mche kilichobaki kwenye kufulia. Baada ya dakika tatu akaniambia, "Si limeshatakata, kaka?" Lilionekana limetakata kweli. Tuliendelea mpaka ndoo mbili zikaisha, mtoto analia, povu linashuka hadi kwenye vidole. Sabuni na maji vinaharibu virusi vingi vilivyo kwenye jeraha kabla havijaingia kwenye mishipa ya fahamu, na kazi hiyo haihitaji mtaalamu wala pesa.

Ukishaosha, paka spiriti au ayodini kama ipo. Usipake pilipili, mafuta ya taa, majivu wala kitunguu. Usibandike jiwe jeusi. Usilifunge kwa kubana. Halafu nenda ukapate chanjo ya kichaa cha mbwa siku hiyohiyo.

Zahanati nyingi hazina chanjo hii, kwa hiyo piga simu kwanza au nenda moja kwa moja hospitali ya wilaya. Najua wazazi waliozungushwa vituo vitatu na kuambiwa "njooni Jumatatu". Msikubali kurudi nyumbani; ulizeni iko wapi leo. Dozi ya kwanza ni ya siku hiyo, nyingine siku ya 3 na ya 7, na kuna ratiba zenye dozi zaidi. Kama meno yamepenya ngozi, au mkwaruzo umetoa damu, uliza pia kuhusu sindano ya kingamwili inayochomwa ndani na kuzunguka jeraha.

Alichomwa sindano ya pepopunda. Haitoshi?

Haitoshi. Pepopunda ni ugonjwa mwingine kabisa. Mtoto aliyeng'atwa anaweza kuzihitaji zote mbili, lakini ya pepopunda haizuii kichaa cha mbwa hata kidogo. Soma kadi, muulize mhudumu kwa jina: "Hii ni ya kichaa cha mbwa?"

Nasisitiza kwa sababu dalili zikishaanza, yaani kuwashwa pale palipong'atwa, kuogopa maji, kushtuka hata kwa upepo, karibu hakuna anayepona. Mara nyingi huanza mwezi mmoja hadi mitatu baada ya kung'atwa, kidonda kimeshapona na watu wamesahau. Shirika la Afya Duniani hukadiria vifo 59,000 kwa mwaka, vingi Asia na Afrika, na sehemu kubwa ni watoto.

Kwa nini mbwa koko wasipigwe risasi tu, tukapumzika?

Naelewa hasira ya mtu ambaye mtoto wake ameng'atwa. Lakini tumejaribu miaka mingi. Ukiua mbwa wa mtaa, chakula cha dampo kinabaki palepale, na wengine wanakuja kujaza nafasi. Pia mnawaua waliochanjwa, ambao ndio waliokuwa ukuta wenu.

Kinachofanya kazi ni kuchanja angalau mbwa 70 katika kila 100, mwaka baada ya mwaka. Pemba walionyesha hivyo: kampeni za chanjo zilikata ugonjwa, ukarudi pale uchanjaji ulipolegea, ukakatwa tena. Na hao tunaowaita koko, wengi wana wenyewe. Wanafunguliwa usiku wajitafutie, basi.

Paka shume anayeingia jikoni naye ana kichaa?

Anaweza kukipata, na akikung'ata au kukukwaruza fanya yaleyale: sabuni, dakika 15, hospitali. Paka wa nyumbani naye achanjwe. Kinyesi chake kinaweza kubeba vijidudu vinavyomdhuru mtoto aliye tumboni, hivyo mama mjamzito amwachie mtu mwingine kazi ya kukizoa.

Nimeokota mtoto wa mbwa barabarani. Nimlete nyumbani?

Moyo wako ni mzuri, na kitoto cha mbwa nacho huugua kichaa. Mbebe kwa kitambaa kizito au ndani ya boksi, mtenge na watoto na wanyama wengine, mpeleke kwa mtaalamu wa mifugo kwanza. Atapewa dawa ya minyoo, atapangiwa chanjo, na akikua ahasiwe. Kama ameshakung'ata hata kidogo, na vile vimeno vyao ni vyembamba kama sindano, usimwachilie aende zake. Afungiwe ili aangaliwe, na wewe uanze chanjo bila kungoja majibu yake. Akiendelea kuwa mzima baada ya siku kumi, daktari ataamua kama dozi zilizobaki zisimamishwe.