Je, wajua kwa nini nanasi lina mistari 8, 13 na 21?

Chukua nanasi zima kwenye mkokoteni wowote wa Nairobi kabla muuzaji hajalitia kisu. Zungushia uzi katikati ya tunda, choma kijiti cha meno kwenye mstari mmoja wa macho, kisha hesabu mistari yote ya mshazari inayokatiza uzi ikielekea upande huohuo, hadi urudi kwenye kijiti. Iliyolala kwa kawaida huwa 8. Ya upande wa pili, iliyoinuka zaidi, ni 13. Inayokaribia kusimama wima ni 21. Usihesabu karibu na shada la majani: huko macho yamebanana, na ndipo watu hupata 12 wakaanza kubishana.

Hizo ni namba za Fibonacci, kila moja jumla ya mbili zilizoitangulia. Leonardo wa Pisa aliziandika mwaka 1202. Wasomi wa India walizijua kabla yake.

Jibu linalosambazwa sana ni kwamba mmea unafuata uwiano wa dhahabu, 1.618, ambao huukaribia ukigawanya namba ya Fibonacci kwa iliyoitangulia, na kwamba huo ni muhuri wa uumbaji, na gamba la nautilusi, jamaa wa pweza, huletwa kama ushahidi. Basi tulipime. Spirali ya dhahabu, inayojengwa kwa uwiano huo, hupanuka mara 6.85 kila mzunguko kamili. Nautilusi hupanuka takriban mara 3. Ni spirali nzuri, ila siyo hiyo. Aliye na imani yake abaki nayo, lakini nanasi halijui kuhesabu.

Kwenye ncha ya mmea vichipukizi huzaliwa kimoja kimoja. Fikiria watu wasiopatana wanaotokea katikati ya ukumbi wa duara, kila mmoja akijongea polepole kuelekea ukutani. Wa pili anampa wa kwanza mgongo, nyuzi 180. Wa tatu anawakwepa wote wawili, hasa yule wa karibu zaidi. Wakizidi kuingia kwa kasi, pembe kati ya anayeingia na aliyemtangulia hutulia karibu na nyuzi 137.5.

Jaribu kwa dengu kwenye sinia. Punje ya 1 iwe sentimita 1 kutoka katikati, ya 4 sentimita 2, ya 9 sentimita 3, yaani kipeuo cha pili cha namba yake. Ukigeuza nyuzi 90 kila punje, utapata msalaba na sinia tupu. Nyuzi 144, mikono mitano. Kwa 137.5 sinia hujaa, na mistari ya Fibonacci hujitokeza bila kualikwa. Ukikosea nyuzi moja tu, punje zikifika mia kadhaa mianya huanza kuonekana.

Mwaka 1992 wanafizikia Douady na Couder waliipata pembe hiyo bila mmea wowote, kwa matone ya kimiminika chenye sumaku yaliyosukumana. Kwenye mimea, msukumaji anayeshukiwa zaidi ni homoni ya auksini, ambayo kila chipukizi huivuta kwake hadi jirani pakapungukiwa: katika majaribio ya nyanya, palipopakwa auksini ndipo jani lilipoota.

Hata hivyo si kanuni ya chuma. Katika uchunguzi wa vichwa 657 vya alizeti uliochapishwa 2016, hesabu 565 kati ya 768 za kuaminika zaidi ndizo zilizoangukia namba za Fibonacci. Ukihesabu alizeti ukapata 47, idadi ya kaunti zetu, usikimbilie kuipa maana: kuna mfululizo ndugu, 1, 3, 4, 7, 11, 18, 29, 47, unaotokea vichipukizi vya mwanzo vikikaa vibaya kidogo.