Muundi uliovunjika vipande: yanayosemwa mtaani na ilivyo kweli

Kwa mbele, mfupa wa muundi, ule mkubwa wa kati ya goti na kifundo cha mguu, umefunikwa na ngozi tu, hauna nyama ya kuukinga. Ndiyo maana mtu akianguka na pikipiki kwenye mteremko wa Kitonga au Mlima Nyoka, mfupa huu hutoboa ngozi kwa urahisi kuliko wa paja. Dhana nyingi potofu kuhusu upasuaji wake zinatokana na jambo moja: ndugu wanatazama mfupa kwenye picha ya eksirei, wakati daktari anaanza na ngozi na nyama.

"Kidonda ni kidogo, kishonwe arudi nyumbani."

Tundu la ukubwa wa punje ya maharage, likiwa karibu na palipovunjika, lichukuliwe kuwa limefika kwenye mfupa mpaka ithibitike vinginevyo. Tazama damu inayotoka: ukiona vitone vya mafuta vikielea juu yake, hayo ni mafuta ya uboho. Huenda ncha ya mfupa ilitoka nje, ikagusa suruali na tope, kisha ikarudi ndani. Mgonjwa huyu anatakiwa kupata antibayotiki ya mshipani ndani ya saa 1 inapowezekana, na kinga ya pepopunda. Kisha aingie chumba cha upasuaji ndani ya saa 24, mapema zaidi kama kidonda kimejaa udongo wa shambani au samadi.

Humo daktari hupanua kidonda, huondoa nyama iliyokufa (haitoi damu, haishtuki ikibanwa) na vipande vya mfupa visivyoshikwa na chochote. Huosha kwa maji ya dripu ya chumvi, kama lita 3 kwa kidonda kidogo, hadi 9 kwa kikubwa. Sabuni haiongezi faida. Ukishona juu ya uchafu, usaha unajifungia ndani na kuingia kwenye mfupa, na ugonjwa huo hutibiwa kwa miezi, wengine miaka.

"Mguu umevunjika, lazima uume. Avumilie."

Hii ndiyo dhana inayotuumiza kuliko zote, kwa sababu mguu unapotea huku watu wakimpa mgonjwa pole. Nyama za chini ya goti zimo ndani ya vyumba 4 vyenye utando usiotanuka. Uvimbe ukijaa humo, presha inapanda na damu haipenyi tena kwenye nyama. Dalili ya kwanza ni maumivu yanayozidi hata baada ya dawa na banzi, na yanayopanda ghafla ukimnyoosha vidole vya mguu. Ganzi hufuata. Mapigo ya mshipa juu ya unyayo yanaweza kuwepo bado, yasikutulize.

Bandeji na plasta ngumu (POP) zifunguliwe zote mpaka kwenye ngozi, mguu ulazwe usawa wa moyo, usiinuliwe zaidi, na daktari aitwe usiku huohuo. Tiba ni kuchana utando wa vyumba vyote 4, mara nyingi kwa mikato 2, na kuiacha wazi kwa siku kadhaa. Presha hiyo ikidumu saa 6 hivi, nyama huanza kufa moja kwa moja. Kwa anayeletwa kutoka Makete au Chunya, saa hizo zinaweza kuishia njiani, kwa hiyo anayemsindikiza aulizie maumivu na kumgusa vidole kupima ganzi safari nzima.

"Wiki 2 wodini bila chuma, huo ni uzembe."

Kuna nyakati kweli vifaa ndivyo vinavyosubiriwa. Lakini mvunjiko uliosaga mfupa karibu na goti au kifundo cha mguu haupasuliwi ngozi ikiwa imevimba na ina malengelenge. Mshono hautafunga na chuma cha kushika mfupa kitabaki wazi. Kwanza huwekwa vyuma vya nje: pini za milimita 5 hivi juu na chini ya palipovunjika, zikiunganishwa na fito. Siku 7 hadi 14 baadaye, ngozi ikianza kukunjamana, ndipo bamba na skrubu huingia.

"Hospitali ya rufaa wanakata miguu, twende kwa fundi wa mifupa."

Wapo wanaokatwa kwa sababu wamefika na mguu umeshakuwa mweusi, baada ya kuchuliwa na kukazwa kwa fito siku kadhaa huko kwa fundi.

"Ukishawekewa chuma, usikanyage mpaka kitolewe."

Inategemea palipovunjika. Chuma kilichopita ndani ya uboho, kikashikwa na skrubu juu na chini, mara nyingi humruhusu mgonjwa kukanyaga kidogokidogo kwa magongo ndani ya siku chache, na kukanyaga huko husaidia mfupa kuunga. Aliyevunjika kwenye uso wa goti, yaani sehemu ya juu ya muundi inayobeba paja, husubiri wiki 6 hadi 12, kwani akiwahi uso huo unadidimia. Kwa aliyevunjika bila kidonda, mfupa huunga kwa miezi 4 au 5, wa kidonda 6 au zaidi. Sigara huchelewesha. Supu ya kongoro ni chakula kizuri, ila haiharakishi.

"Baridi ya Njombe inaingia kwenye chuma, lazima kitolewe."

Chuma kilichomo mwilini kina joto la mwili, Juni kama Desemba. Kwa mtu mzima si lazima kitolewe, isipokuwa kuna usaha, skrubu inayochoma ngozi, au goti linalouma akipiga magoti. Hata hapo, mfupa uwe umeunga kabisa, kwa kawaida baada ya mwaka 1 na zaidi. Matundu ya skrubu hubaki dhaifu kwa wiki kadhaa baadaye, kwa hiyo mpira na mizigo mizito vingoje. Maumivu mapya kwenye mguu uliokuwa umetulia yanahitaji eksirei, hata yakianza msimu wa baridi.