Karatasi ya gramu 80 haina uzito wa gramu 80

Kuna ujumbe hauishi kuzunguka kwenye magrupu: eti tunaibiwa, rimu imeandikwa gramu 80 kumbe karatasi moja ina gramu 5 tu. Hizo gramu 5 ni kweli, ila wizi haupo. Gramu 80 ni za mita moja ya mraba, na A4 ni sehemu ya 16 ya mita hiyo. Weka rimu ya karatasi 500 kwenye mizani ya dukani, utaona kilo 2.5 hivi. Kiwandani, kifaa cha kupimia hupita huku na huku juu ya karatasi ikiwa bado inakimbia mashineni. Uzito ukiyumba, kompyuta hurekebisha vali ya rojo, yaani uji wa nyuzi unaotengeneza karatasi. Pakiti huandikwa “80 g/m²”, wengi husoma “80 g” wakaishia hapo. Tafadhali usiusambaze ujumbe huo tena. Unawachafulia jina wenye stesheneri wasio na kosa.