Kumaliza sekondari Texas hakukupi ada ya mkazi milele

"Nilimaliza sekondari Texas, kwa hiyo hata nikihamia jimbo jingine nitarudi kusomea udaktari kwa ada ya mkazi." Wengi wanaamini hivyo kuhusu ada hii, ambayo ni nafuu kwa wakazi wa jimbo, na inaniuma kuona kijana akipanga maisha yake juu ya imani hiyo. Vyuo vya umma vya Texas huangalia makazi yako ya kudumu: miezi 12 mfululizo kabla ya masomo kuanza, na uwe umeweka maisha yako huko, kwa kazi au nyumba kwa mfano, si kufuata shule tu. Ila kama bado unategemea wazazi, nao hawajahama Texas, makazi yao huhesabiwa kuwa yako. Hili wengi hawalijui kabisa! Hata kuondoka kwa muda, mathalani kwa kazi ya jeshi, hakufuti ukazi wako.