Mtoto kutapika baada ya upasuaji wa macho: mzazi ajue nini

Likizo ya Juni ndipo wazazi wengi wa Mbeya, Songwe na Njombe huleta watoto hospitalini kwetu kufanyiwa upasuaji wa makengeza, na malalamiko huwa yale yale: "Ameingia mzima, katoka anatapika, nusu kaputi ilizidi." Si kweli. Katika makengeza, chanzo kikubwa ni jicho lenyewe. Misuli yake inapovutwa, mshipa wa fahamu wa hisia za uso hupeleka taarifa kwenye ubongo, kisha taarifa hiyo hushuka kupitia mshipa unaohudumia moyo na tumbo. Mapigo hupungua ghafla mezani, na saa chache baadaye mtoto anatapika. Bila dawa ya kuzuia kutapika, nusu ya watoto au zaidi hutapika.

Mwenye miaka 3 na kuendelea, upasuaji unaozidi dakika 30, au mzazi ama ndugu aliyewahi kutapika baada ya nusu kaputi: hapo uwezekano hupanda. Tuambieni siku ya uchunguzi, hata kama ni kutapika tu kwenye kona za barabara ya Tukuyu. Wataalamu wa usingizi hutoa dawa za kuzuia kutapika: ondansetroni miligramu 0.1 kwa kila kilo, isizidi miligramu 4, pamoja na deksamethasoni miligramu 0.15 kwa kilo. Mtoto wa kilo 15 hupata miligramu 1.5 na 2.25. Kwa hiyo uzito lazima upimwe kwa mizani siku hiyo, si kukisiwa. Hizi ni dawa za chumba cha upasuaji, usizinunue mwenyewe.

Sasa kufunga. Upasuaji ukiwa saa 2 asubuhi, uji, maziwa ya ng'ombe au chakula mwisho saa 8 usiku; maziwa ya mama mwisho saa 10 alfajiri; maji matupu au chai ya rangi mwisho saa 12. Uji mwepesi ni chakula, tafadhali tuelewane. Akinyweshwa kwa siri akiwa analia, uji unaweza kupanda akiwa kwenye nusu kaputi na kuingia kwenye mapafu, ndiyo maana tukigundua tunaahirisha: anapangiwa tarehe mpya, anapimwa upya uzito na joto, na fomu ya ridhaa inasainiwa tena. Wala msimshindishe njaa na kiu tangu jioni. Mwili uliokauka hutapika zaidi.

Akizinduka, msimlazimishe kunywa. Maziwa "ya kuondoa dawa" hayaondoi chochote. Msubirini aombe, mpeni maji kijiko kimoja kimoja, na akivumilia saa moja, uji mwepesi. Apewe parasetamoli kama alivyoandikiwa, maana maumivu nayo huleta kichefuchefu. Alale ubavu, kinga ya jicho isibanwe.

Aliyetolewa mtoto wa jicho ana hatari ya ziada: kujikamua kutapika huongeza shinikizo ndani ya jicho na kunaweza kufungua kidonda. Akitapika zaidi ya mara mbili, akikataa maji, akikaa muda wa saa 8 bila kukojoa, jicho likitoa damu au maumivu yakizidi, rudini hospitali hiyo hiyo usiku huo huo. Kama mmeshafika Makete au Chunya, anzeni na kituo cha afya kilicho karibu na mbebe karatasi ya ruhusa, kwani dawa alizopewa zimeandikwa humo.