Uyoga, miombo na Mto Ugalla: kwa nini "kuchuma kidogo tu" hakuruhusiwi hifadhini

Kila mvua zinapoanza Novemba, malalamiko kutoka vijiji vinavyopakana na Hifadhi ya Taifa ya Mto Ugalla, magharibi mwa Tanzania, ni yale yale: askari wamemrudisha mama mwenye ndoo ya uyoga. Na hoja ni ile ile: uyoga haukupandwa na mtu, usipochumwa unaoza, kosa liko wapi? Swali hili lina haki ya kujibiwa kwa zaidi ya neno "marufuku".

Nianze kwa kukiri jambo moja. Kuchuma uyoga kwa mkono, kwenyewe, hakuui kuvu. Uyoga ni kama embe: ukichuma tunda, mwembe unabaki. Lakini "mwembe" wenyewe uko ardhini, ni nyuzinyuzi nyembamba kuliko unywele, na hapo ndipo watu wengi wanapopotea. Wakati wa mvua, mzizi mwembamba wa mtundu, mmoja wa miti ya misitu yetu ya miombo, ukioshwa taratibu unaonekana ncha zake ni fupi, nene, zimevikwa utando mweupe au wa njano kama soksi. Utando huo ni kuvu. Unaupa mti maji, fosforasi na naitrojeni kutoka kwenye udongo wetu wa kichanga usio na rutuba, na mti unaulipa sukari iliyotengenezwa na majani. Mtundu, myombo, muba na mkusu zote zinaishi hivyo. Mninga hutumia kuvu za aina nyingine, zinazoingia ndani kabisa ya mzizi na hazitoi uyoga.

Kwa hiyo ule uyoga wa njano wenye umbo la faneli, unaouzwa kwa mafungu barabarani msimu wa mvua, haulimwi bandani kama uyoga wa aina ya mamama. Unahitaji mti ulio hai. Anayeniambia "nimekata miti tu, uyoga sijaugusa" ameshaugusa.

Uyoga wa kichuguu una habari yake. Ukifuata shina lake chini kwa kijiti, linazidi kuwa jembamba, linashuka hadi kwenye vyumba vya mchwa. Kule mchwa wamekusanya majani makavu na vipande vya miti, wakavitafuna, wakavijenga mfano wa sega, na kuvu inavimeng'enya ili wao wapate kula. Kuvu hiyo haiishi porini nje ya kiota cha mchwa, na mchwa hao hawaishi bila kuvu hiyo. Kwenye mbuga zinazofurika, vichuguu hivyo ndivyo vinavyobaki juu ya maji, na miti huota hapo kama visiwa. Anayebomoa kichuguu kutafuta malkia anaondoa uyoga, mchwa na kisiwa kwa jembe moja.

Naomba pia tuache kuita kuvu mmea. Haina majani, haitengenezi chakula kwa mwanga wa jua, na kwa nasaba iko karibu zaidi na wanyama.

Mimea ya majini nayo watu huiona ni magugu tu. Mafunjo na matete hupunguza kasi ya mafuriko na kushika tope kabla maji ya Ugalla hayajaingia Malagarasi na hatimaye Ziwa Tanganyika. Kiangazi mto hukatika ukabaki mabwawa, na viboko na mamba hubanana humo. Ardhioevu ya Malagarasi-Muyovozi iliandikishwa chini ya Mkataba wa Ramsar, ule wa kimataifa wa kulinda ardhioevu, mwaka 2000, ya kwanza Tanzania.

Sasa utaratibu, maana ndipo ubishi ulipo. Ugalla lilipokuwa pori la akiba, wakazi waliingia kwa kibali na kwa msimu kurina asali na kuvua samaki. Mwaka 2019 ilipandishwa hadhi kuwa hifadhi ya taifa, na sasa inasimamiwa kwa Sheria ya Hifadhi za Taifa, Sura ya 282. Kibali cha enzi za pori la akiba hakitumiki. Tafadhali tusioneshane karatasi hizo getini.

Anayekamatwa ndani bila ruhusa hupelekwa polisi, kisha mahakamani. Alivyokutwa navyo, panga, baiskeli au ndoo, huwa vielelezo. Mtafiti anayetaka sampuli, hata jani moja, aanzie Tume ya Sayansi na Teknolojia (COSTECH) na Taasisi ya Utafiti wa Wanyamapori (TAWIRI) kabla ya kuja kwetu hifadhini. Kwa mbao kutoka misitu ya nje ya hifadhi inayoruhusiwa kuvunwa: usajili, leseni ya uvunaji, alama ya nyundo kwenye gogo, hati ya kusafirishia. Kimoja kikikosekana, shehena imekosa uhalali, hata kama vingine vyote vipo. Mti wa mkurungu uliingizwa kwenye orodha ya CITES, mkataba wa kimataifa unaosimamia biashara ya wanyama na mimea iliyo hatarini, mwaka 2019, na mninga ukafuata mwaka 2022, kwa hiyo kuisafirisha nje ya nchi kunadai kibali cha ziada.

Kwa wachumaji wa uyoga ipo njia ya halali, nayo inaanzia kijijini. Sheria ya Misitu ya 2002 inakiruhusu kijiji kutenga msitu wake wa hifadhi na kutunga sheria ndogo: nani achume, lini, kwa kiasi gani. Wekeni humo pia katazo la moto wa Septemba na Oktoba, wakati nyasi zimekauka kabisa na miombo imeanza kutoa majani mapya mekundu. Moto wa wakati huo huua miche ambayo moto wa mapema ungeiacha.

La mwisho ni la usalama. Kwamba mdudu ameula uyoga si kipimo. Kijiko kubadilika rangi sufuriani si kipimo. Upo uyoga mweupe mkubwa unaofanana na wa kichuguu, lakini mapezi yake chini ya kofia hugeuka kijani kadiri unavyokomaa. Huo unatapisha na kuharisha vibaya. Sumu nyingine haziondoki kwa kuchemsha na dalili huanza baada ya saa 6 au zaidi, wakati ini limeshaanza kuathirika. Mgonjwa apelekwe hospitali mara moja, na mabaki ya uyoga yabebwe kwenye karatasi, si kwenye mfuko wa plastiki, ili yafike bado yanatambulika.