Punje mia kwenye ungo

Mkutano wa bima ya afya ukianza na bei, umeharibika. Nimeendesha mijadala hii vijijini kwa miaka kadhaa, na kila nilipotanguliza kiasi cha fedha, nusu saa haikuisha kabla watu hawajaanza kupigiana kelele. Kwa hiyo siku hizi naanza na dirisha la dawa.

Mwishoni mwa 2022, muswada wa Bima ya Afya kwa Wote ukiwa umewasilishwa bungeni, niliitwa kwenye kijiji kimoja mkoani Tabora, Tanzania. Watu walikuja na hasira zao tayari. Walikuwa wamesikia redioni kiwango kilichokuwa kinatajwa wakati ule, shilingi 340,000 kwa kaya ya watu sita, nao walikuwa wamezoea Mfuko wa Afya ya Jamii, yaani CHF iliyoboreshwa, ambayo kaya ya idadi hiyo hiyo ililipa 30,000 kwa mwaka. Ni zaidi ya mara kumi na moja. Mkulima anayesubiri kuuza tumbaku au alizeti ana haki ya kupandisha sauti akisikia hivyo, na mimi sikumzuia mtu. Tulikubaliana na mwenyekiti jambo moja tu: aliyesimama anasikilizwa mpaka akae, awe mzee au kijana, na akina mama waanze.

Kisha nikaomba ungo. Vijana wawili wakahesabu punje 100 za mahindi, wakazimwaga. Kila punje ni kaya, nikawaambia. Kila kaya ikileta 30,000, mfuko una 3,000,000. Tuseme mwaka huu kaya tano zimepata mgonjwa wa kulazwa, na kila mmoja matibabu yake ni 300,000. Hiyo ni 1,500,000. Inabaki nusu nyingine kwa malaria, vipimo na homa za watoto. Mfuko unapumua.

Nikamwita mzee aliyekaa mbele aondoe punje za kaya zinazosema, "Mimi siumwi, nitajiunga nikiumwa." Akaondoa, akaondoa, zikabaki kumi. Lakini zile tano zenye wagonjwa hazikuondoka, kwa sababu mwenye mgonjwa ndani ndiye wa kwanza kukata kadi. Mfuko sasa una 300,000 na wagonjwa wale wale wanahitaji 1,500,000. Mzee akaangalia ungo muda mrefu. Hapo ndipo penye ugonjwa wa bima zote za hiari, na ndiyo sababu muswada ulitaka kila mkazi ajiunge.

Nilidhani nimemaliza. Bibi mmoja akasimama, akafungua fundo la khanga, akatoa karatasi iliyokunjwa mara nne.

"Mwanangu, hesabu yako nimeielewa. Mimi nilikuwa punje. Nikalipa, nikapigwa picha na simu, kadi nikapewa. Nilipofika dirishani nikaambiwa dawa hakuna, kanunue nje. Hii hapa."

Ilikuwa cheti cha dawa ya shinikizo la damu, aliyoinunua duka la dawa kwa fedha ya kuku wawili. Hakuna aliyemkatiza.

Nawaomba wenzangu tunaoeleza bima tuichukue karatasi ile kama hoja ya kitaalamu, maana mara nyingi tunaiita "uelewa mdogo wa jamii". Bibi yule alikuwa anaelewa kuliko mabango yetu. Zahanati ikikosa dawa, wazima hawalipi. Wasipolipa, fungu la dawa linapungua. Likipungua, dirisha linajibu tena "hakuna". CHF ilipojaribiwa Igunga mwaka 1996, mkoa huu huu wa Tabora, serikali iliahidi kuongeza kiasi kile kile wananchi walichochanga. Watu wakauita mpango huo tele kwa tele. Ilikuwa dawa nzuri ya mzunguko huu, ila inatibu pale tu fedha inapogeuka kuwa maboksi ndani ya stoo.

Suala la asiye na uwezo lilichukua muda mrefu zaidi. Tangu wagonjwa waanze kuchangia gharama za matibabu 1993, sera imetaja wa kusamehewa: wajawazito, watoto wa chini ya miaka mitano, na baadaye wazee wa miaka 60 na zaidi wasiojiweza. Ila msamaha hauna fedha yake. Mzee anakuja na barua ya mtendaji, zahanati inamtibu, na hakuna anayeirudishia dawa iliyotoka. Mganga mfawidhi, yaani msimamizi wa zahanati, anayesita kumpokea si lazima awe katili. Mara nyingi stoo yake ndiyo inayosita. Kwa hiyo Bunge lilipopitisha sheria ya Bima ya Afya kwa Wote Novemba 2023, kifungu nilichokitafuta kwanza ni kile cha mfuko wa wasio na uwezo, unaotegemea vyanzo kama ushuru wa soda, pombe na vipodozi. Kwangu mimi, huko ndiko sheria itapimwa.

Siku ile kijijini tulibishana pia kuhusu rufaa, kwa nini mtu asiende moja kwa moja hospitali ya mkoa. Hilo liliisha haraka, mganga wa zahanati alilieleza vizuri.

Jua likiwa linashuka, kijana mmoja aliuliza kama leja ya dawa, daftari la zinazoingia na kutoka, ni siri. Mganga mfawidhi akasema si siri, akatuma ikaletwa. Akaisoma kwa sauti, dawa moja moja: iliyopo, iliyoisha, tangu lini. Dawa ya bibi ilikuwa imeisha wiki saba. Kamati ya zahanati ikaandika kwenye muhtasari kwamba orodha hiyo itabandikwa mlangoni kila mwanzo wa mwezi, na mwenyekiti akamwomba bibi awe wa kwanza kuisoma. Akasema macho yake hayaoni vizuri, ila mjukuu wake yuko darasa la sita, atamsomea.